Damu ya Namba Saba
Sehemu ya Tano

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita ajue haya machache, kisha twende pamoja.

Mimi ni Namnyaki, Mwarusha wa Kisongo. Kwa lugha yetu jina hilo maana yake ni mwenye bahati. Kaka zangu wawili walikufa jandoni, damu ikatoka ikakataa kusimama. Mwanangu wa kwanza, Ephraimu, alijichana mdomo akiwa na miezi kumi na moja. Alitoka damu siku tatu, tukamzika. Wazee wakasema ukoo wa mama yetu umelaaniwa. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa damu kutoganda: mama anaubeba bila kuumwa, watoto wa kiume ndio wanaokufa nao.

Mwaka elfu mbili na mbili mdogo wangu Nalepo alipata mimba. Akaenda Usa River, kwenye kliniki ya Dokta Abdiel, mojawapo ya zile kliniki za kisasa zilizoota kila mahali tangu serikali iruhusu watu binafsi kutibu. Mashine ikaonyesha mtoto ni wa kiume. Wakamchoma Nalepo sindano ya tumbo iliyopita mpaka kwa mtoto, na ndani ya sindano ile kulikuwa na virusi. Siku ya nne macho yake yaligeuka manjano. Siku ya sita tulibeba jeneza moja lenye watu wawili. Cheti kikaandikwa malaria.

Nikaapa kwamba Abdiel atalia kama nilivyolia. Nikaomba kazi ya usafi kwenye kliniki yake kwa jina la Irine, mwenyeji wa Terrat. Ijumaa ya wiki ya sita, mkono wangu ukiwa kwenye kitasa cha chumba cha friza, sauti ya mwanamke nyuma yangu ikaniita.

"Namnyaki."

Sikugeuka. Mtu anayeitwa Irine hageuki akiitwa Namnyaki.

"Geuka tu," sauti ikasema. "Nimekujua tangu wiki ya kwanza. Una paji la uso la Nalepo."

Alikuwa Sista Fransiska, nesi mkuu, Mchaga wa Kibosho, mwanamke mnene wa maneno machache. Akanisukuma ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Tukabaki sisi wawili na friza ndefu nyeupe iliyokuwa ikinguruma ukutani.

"Unatafuta nini humu?"

"Kilichomuua mdogo wangu."

"Siku ile ya sindano nilimshika mkono mimi," akasema. "Aliniuliza kama mtoto ataumia."

Nikamwambia hayo abaki nayo. Mimi nilitaka kujua habari za virusi.

Fransiska akaegemea friza. "Chukulia kirusi ni punda," akasema. "Kazi yake ni kuingia ndani ya mwili na kushusha mzigo, na mzigo wake wa kawaida ni ugonjwa. Wataalamu wanamvua ule mzigo mbaya, wanamtwika mzuri. Wanamtwika ile mbegu ya urithi inayofundisha mwili kugandisha damu, ambayo kwa watoto wenu haipo. Wanampeleka punda kwa mtoto akiwa bado tumboni, kwa sababu mwili wa mtoto mchanga vile haujajifunza kumfukuza mgeni."

"Na mwili wa mama?"

Akatazama mlango aliokuwa ameufunga.

"Mwili wa mama umeshajifunza. Nalepo aliwahi kuugua mafua ya kirusi cha aina ileile, pengine utotoni, mafua ya kawaida tu. Mwili haukusahau. Dawa ilipovuja kidogo kutoka kwa mtoto ikaingia kwake, mwili ulipigana nayo mpaka ukaliunguza ini lake mwenyewe."

"Mlijua?"

"Kipimo kilionyesha. Nilimpelekea daktari karatasi mkononi. Akaisoma, akasema sindano inakwenda kwa mtoto, haiendi kwa mama."

Siku zote nilikuwa nikidhani ni uzembe. Sasa nikajua mtu alisoma karatasi, akaiweka chini, akavaa glavu.

"Fungua hii friza," nikamwambia.

"Hapana. Nipe mpaka Jumatatu, Namnyaki. Usiguse kitu humu mpaka Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

"Nikikuambia utatembea na uso wa mtu anayejua. Na yule bwana anasoma nyuso."

Akafungua mlango, akanirudishia ndoo yangu. Nikaenda kupiga deki korido ndefu, na kila nilipokamua dekio nilijiuliza swali moja. Mtu anayelipwa mshahara na Abdiel, aliyemshika mdogo wangu mkono huku akijua kilichoandikwa kwenye ile karatasi, anataka siku tatu za nini kama si za kumwonya bosi wake?

Jibu nililojipa lilikuwa baya, na nililipenda.

Jumapili niliomba zamu. Wenzangu walifurahi, kila mmoja alitaka kuwahi ibada. Saa nne asubuhi kliniki ilikuwa kimya. Mlinzi alikuwa getini na redio yake, na kwaya ya usharika wa jirani ilikuwa ikisikika mpaka kwenye madirisha. Ufunguo wa chumba cha friza nilishajua unakotundikwa.

Nilichemsha maji kwenye sufuria kubwa la kuchemshia mashuka. Nikamimina kwenye beseni, nikaongeza chupa nzima ya Jiki, dawa ya kung'arishia mashuka. Harufu ikanikaba koo, macho yakatoka machozi. Nikavaa glavu za jikoni, nikafungua friza.

Ubaridi ulinipiga usoni kama kofi. Vichupa vilikuwa vimepangwa kwenye trei, vidogo kama kidole cha mwisho cha mtoto, kila kimoja na karatasi yenye namba. Trei za chini zilikuwa na mirija ya damu, nayo imegandishwa, ina namba. Sikusoma namba hata moja. Nilizamisha trei ya kwanza kwenye maji ya moto, vichupa vikaanza kulia tik, tik, vikipasuka. Nikazamisha ya pili. Nikamtaja Nalepo kwa jina. Nikamtaja na yule mtoto ambaye hakupewa jina, nikamwita mwana wa Nalepo. Nikaendelea mpaka friza ikawa tupu.

Sitawadanganya wasomaji wangu. Nilifurahi. Nilisikia raha ambayo sijaisikia hata siku ya harusi yangu. Miaka ya kazi ya yule mtu ilikuwa inaelea kwenye beseni langu kama maji ya kuoshea vyombo. Nikaimwaga yote kwenye karo la choo, nikafuta sakafu, nikafunga mlango. Nikaenda nyumbani Kisongo, nikampikia mwanangu Melkizedeki uji wa maziwa. Miaka mitatu, mzima wa afya. Huyu ndiye ambaye Mungu aliniachia. Hospitali waliniambia nusu ya watoto wa kiume huponyoka ugonjwa wetu, na Meki wangu alikuwa ameponyoka. Akianguka hutoka damu kidogo, inakauka, anarudi kucheza.

Jumatatu saa tatu asubuhi, gari la serikali lilisimama mbele ya kliniki. Akashuka bwana wa makamo mwenye suti ya Kaunda, na vijana wawili wa maabara waliobeba masanduku ya barafu. Aliitwa Bwana Philemoni, mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na barua yenye mhuri na orodha.

Nilikuwa nikifuta vioo vya mapokezi, nikasikia kila neno.

"Daktari, tumepata malalamiko kuhusu kifo cha mama mmoja mjamzito," akasema. "Tunaomba sampuli zote za damu yake, na vichupa vya dawa aliyochomwa. Tumeambiwa vyote viko kwenye friza."

Abdiel alikuwa mrefu, mwembamba, kichwa kimeanza mvi. Uso ulimbadilika rangi. Akajaribu kuzungumza habari za utaratibu na mawakili. Bwana Philemoni akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Twende kwenye friza."

Wakaenda. Nikasikia mlango ukifunguka. Halafu sikusikia kitu kwa muda mrefu.

Walipotoka, Abdiel alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la koti. Aliifuta, akaifuta tena, lakini haikuwa hofu. Nilishaiona mikono ya namna ile kwa mtu aliyeponea ajali.

"Mimi mwenyewe nashangaa," alikuwa akisema. "Tumeibiwa. Nitaripoti polisi leo hii."

Sista Fransiska alikuwa amesimama kwenye kona ya korido. Akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu iliyobabuka kwa Jiki. Akaelewa.

Alinifuata stoo ya vifaa, akafunga mlango kwa mgongo.

"Barua ya malalamiko niliiandika mimi," akasema. "Miezi mitano nimewasubiri hawa watu. Ile damu ya Nalepo ndiyo ingesema kila kitu. Ingesema ini liliungua kwa nini, na kwamba hakuwa na malaria."

Nikaficha mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Nilikuomba siku tatu," akasema. "Siku tatu tu, mdogo wangu."

Akatoka. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimesikia watu wakisema mtu anaweza kujikata mguu kwa shoka lake mwenyewe. Mimi nililinoa kwanza.

Mchana Abdiel aliniita ofisini. Nilidhani nitakuta polisi. Nilimkuta peke yake, na daftari moja kubwa mezani.

"Karibu kiti, mama Melkizedeki," akasema.

Nikakaa.

"Jumapili zamu ilikuwa ya mtu mmoja, anaitwa Irine. Nikajiuliza, Irine ni nani? Nikafungua faili la marehemu Nalepo, nikaona jina la ndugu wa karibu. Dada yake, Namnyaki, mke wa Loishiye wa Kisongo. Ningekuwa mtu wa kulipiza kisasi ningekushukuru kwanza, halafu nikufunge."

"Nifunge," nikasema. "Mahakamani nitasema ulichomfanya mdogo wangu."

"Utasema kwa ushahidi gani?"

Nilimwangalia shingo yake, nikafikiri mambo ambayo sitayaandika gazetini.

Akalisogeza daftari kwangu. "Unajua kusoma. Soma mstari wa namba saba."

Nikasoma. Mstari wa namba saba ulikuwa na tarehe ya mwaka tisini na tisa. Kisongo. Mimba ya wiki kumi na nane. Mtoto wa kiume, mgonjwa. Amechomwa. Kisha jina la mama. Jina lilikuwa langu.

"Kulikuja gari lenye mashine ya picha kijijini kwenu," Abdiel akasema. "Mzungu na msaidizi wake. Walikuambia wanapima maji ya mtoto kwa sindano. Mara ya kwanza walipima kweli, na maji yakaonyesha mtoto ana ugonjwa. Mara ya pili hawakupima kitu. Walikuwa watu wangu."

Nikakumbuka turubai la kijani na kitanda cha kukunja. Nikakumbuka yule msaidizi akiniambia nivute pumzi, mama, ni maji kidogo tu.

"Melkizedeki hakuponyoka," akasema. "Alikuwa na ugonjwa uleule uliomuua kaka yake. Tulimtibu kabla hajazaliwa. Niambie, akijikata hutoka damu siku ngapi?"

Jibu alilijua.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungekubali kuchomwa virusi tumboni?"

"Nisingekubali."

"Basi leo ungekuwa na makaburi mawili ya watoto." Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya bosi. "Mama yangu alizaa wavulana wanne kule Machame. Nimebaki mimi. Nimeona watoto wakitoka damu kwenye magoti ya mama yangu, mmoja baada ya mwingine, na mchungaji anaomba. Nilipokuwa masomoni Ulaya, wenzangu walikuwa wakijaribu haya kwa kondoo. Nikajiambia sitasubiri kondoo wazeeke."

"Na Nalepo?"

"Nalepo nilikosea."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja saa. Hapo ndipo chuki yangu, ambayo ilikuwa imeanza kuyumba, ilisimama tena wima.

"Nataka umlete mtoto hapa," akasema. "Nimpime, niandike, dunia ijue. Ukikubali, habari ya friza imekwisha. Ukikataa, polisi wanaijua njia ya Kisongo. Na kabla hujanichukia zaidi, angalia mwisho wa mstari. Angalia aliyesaini."

Sahihi ilikuwa ya mwandiko ninaoujua, herufi kubwa zilizolala upande kama ng'ombe waliochoka. Loishiye. Mume wangu.

Nilimkuta zizini akimfunga ndama. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, hajawahi kuniinulia mkono.

"Baba Meki," nikamwambia, "mwaka tisini na tisa ulisaini nini?"

Kamba ikamtoka mkononi. Ndama akakimbia, wala hakumfuata.

"Nani amekuambia?"

"Jibu."

Akakaa juu ya gogo, kofia mkononi. "Walinieleza vizuri. Wakasema wewe utaogopa, na mama akiogopa mimba inaweza kutoka. Nilikuwa nimechimba kaburi la Ephraimu kwa mikono yangu, Namnyaki. Nilikuwa nimechoka kuchimba."

"Miaka minne umelala kitanda kimoja na mimi."

"Kila asubuhi nilitaka kukuambia. Nilikuwa nikimwona Meki anakimbia, nasema ngoja, kesho."

Nikataka kumwonea huruma. Kuna kitu kikanizuia, swali dogo lililokuwa likinikwaruza tangu Usa River.

"Nalepo alijuaje kuhusu ile kliniki?"

Loishiye akainamisha kichwa.

"Ulimwambia nini mdogo wangu?"

"Alikuja hapa analia, ana mimba, anaogopa kuzaa mvulana. Sikumwambia mengi," akasema. "Nilimwonyesha Meki."

Sikupiga kelele. Niliingia ndani, nikatoa nguo zake kabatini, nikaziweka nje ya mlango moja moja. Hakubishana. Alilala kwa kaka yake. Nami nililala na mwanangu kifuani, nikihesabu watu ninaotakiwa kuwalipiza, na kila nilipoanza kuhesabu wa kwanza alikuwa Abdiel na wa pili alikuwa baba wa mtoto niliyemkumbatia.

Jumatano asubuhi gari la Bwana Philemoni lilisimama nje kwetu. Alikuwa na dereva na Sista Fransiska.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba mama." Akakaa kwenye kigoda, akafungua mkoba. "Sista amenieleza mambo mawili. La kwanza, nani aliyeosha friza. Hilo tutalizungumza siku nyingine. La pili ni mtoto."

Fransiska akadakia. "Nimeuona mstari wa namba saba kwenye daftari la Abdiel. Alama ya kile kirusi bado imo mwilini mwake. Kijiko kimoja cha damu ya Meki kitathibitisha kwamba Abdiel alichoma wajawazito bila kibali na bila kuwauliza. Na ni kwa faida yake mtoto pia. Mbegu zile wakati mwingine hutua mahali pasipotakiwa, zikaleta maradhi mengine baadaye. Anahitaji kuangaliwa."

Bwana Philemoni akatoa fomu. Hakunipa kalamu. Akaanza kunisomea kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari, akisimama kila mahali na kuniuliza kama nimeelewa. Akanieleza kwamba naweza kukataa. Akanieleza kwamba mume wangu naye ataitwa kuhojiwa kwa ile sahihi, na pengine kushtakiwa. Tangu nizaliwe, katika mambo ya damu yetu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama ninakubali.

Loishiye, aliyekuwa amekuja kukamua ng'ombe, alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Nikienda jela, ng'ombe watachungwa na nani?" akauliza taratibu.

"Mwulize Nalepo," nikamjibu.

Nikaomba kalamu. Nilikuwa nimeandika herufi tatu za jina langu tuliposikia kishindo nyuma ya nyumba, halafu kilio.

Meki alikuwa amepanda kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, akateleza, mdomo ukagonga ukingo wa saruji. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka. Nilimwinua, nikamfuta kwa khanga, nikamwambia nyamaza baba, itakauka sasa hivi. Siku zote hukauka.

Haikukauka.

Fransiska alikunja kitambaa, akambana ufizi. Dakika kumi. Akabadilisha kitambaa. Nusu saa. Damu ilikuwa nyepesi, nyekundu, inapita pembeni ya vidole vyake bila haraka, kama maji ya mfereji yanayoijua njia yake. Niliijua damu ile. Niliiona kwa Ephraimu siku tatu.

"Sista," nikasema, "si ulisema alitibiwa?"

"Kuna wanaosema nguvu yake hupungua," akasema bila kuniangalia. "Mwili unakua, ile mbegu inabaki nyuma. Hakuna aliyejua itadumu miaka mingapi. Wao ndio walikuwa wanajifunza."

Saa nzima ilipopita, Bwana Philemoni mwenyewe alifungua mlango wa gari. Tukapanda wote. Loishiye alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma, Meki mapajani, Fransiska amembana mdomo. Vumbi la Kisongo likabaki nyuma, tukaupita uwanja wa ndege, tukaingia mjini.

"Sikilizeni," Fransiska akasema. "Hospitali ya hapa mjini watamwongezea damu, na itatoka kama inavyoingia. Dawa yenyewe ya kugandisha, ya kuchomwa, Arusha nzima najua anayo mtu mmoja. Anaiweka kwenye friji ndogo ya ofisini kwake kwa ajili yake mwenyewe. Niliiona Ijumaa."

Hakuhitaji kumtaja. Nikaelewa pia kitu ambacho Abdiel hakuwahi kumwambia mtu: yule aliyebaki kati ya wavulana wanne naye alikuwa na damu yetu.

"Atatupa?" Loishiye akauliza.

"Atatupa mbiombio," Fransiska akasema. "Huyu mtoto ndiye kazi yake yote."

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo mahali ambapo nimekuwa nikiogopa kufika tangu sehemu ya kwanza. Mchungaji sijamwambia, mama yangu sijamwambia. Nawaambia ninyi.

Nilimwangalia Bwana Philemoni. Alikuwa ametoa daftari, anaandika saa na dakika. Nikaona mambo mawili kwa uwazi kama mchana. Tukienda Usa River, Abdiel atamwokoa mwanangu mbele ya shahidi wa serikali. Atakuwa shujaa, na kifo cha Nalepo kitakuwa ajali ya njiani. Tukienda hospitali ya mjini, na damu ikaendelea, basi namba saba amekufa. Atakuwa amekufa mikononi mwa mkaguzi, kwa ugonjwa ambao Abdiel ameapa kwamba aliuponya, na hakuna daftari, wala wakili, wala mzungu atakayemtoa yule mtu gerezani.

Lilikuwa wazo la pumzi moja. Lakini pumzi ile niliivuta mimi, mama yake, nikiwa nimemkumbatia, na damu yake ikilowesha magoti yangu. Na ndani ya pumzi ile nilisikia raha ileile ya beseni.

Tulikuwa tumefika mnara wa saa. Dereva akapunguza mwendo, akageuza kichwa.

"Mama," akasema, "nikate kwenda hospitali, au ninyooshe njia ya Moshi, twende Usa River?"

Loishiye aligeuka kuniangalia. Fransiska aliniangalia. Bwana Philemoni alisimamisha kalamu. Meki alinishika kidole, akajaribu kusema kitu, mdomo ukajaa damu, akameza.

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Dereva akauliza mara ya pili, na nilikuwa bado sijamjibu.